Bonsai ya elfu nane na kokoto za gundi

Nianze na kokoto, maana ndizo zilizonipandisha mori. Mti wenyewe, niliounua kwa shilingi elfu nane, ni mugumo, Ficus natalensis, ndani ya chungu cha bluu chenye kina kifupi, kutoka kwenye kitalu kimoja hapa Nairobi kinachojisifu kwa bonsai (miti inayodumazwa na kupewa umbo chunguni) "za daraja la juu". Shina limepinda vizuri, majani yamebana, na juu ya udongo wametandaza kokoto nyeupe. Ziguse: hazisogei hata kidogo. Zimegandishwa kwa gundi hadi zikawa bamba moja gumu. Ukimwagilia, maji yanateleza hadi ukingoni, yanashuka ukutani mwa chungu na kutokea matunduni, nawe unaamini mti umekunywa. Kumbe katikati mizizi ni mikavu kabisa. Inua chungu kabla na baada ya kumwagilia. Uzito usipobadilika, maji hayakuingia.

Kuzitoa ni kazi. Loweka chungu kizima kwenye beseni nusu saa hivi gundi ilegee, kisha inua bamba kwa bisibisi bapa, ukianzia ukingoni kuelekea shinani. Ukianzia shinani utabandua gome.

Chini ya bamba ndipo nilipokuta kilichofichwa. Mzizi mnene kama penseli umelizunguka shina mzunguko mzima. Mzizi na shina vyote vinanenepa, kwa hiyo mwaka hadi mwaka mzizi huo unakaba, shina linavimba juu ya kitanzi na mizizi iliyo chini yake inakosa chakula kutoka kwa majani. Udongo nao ni ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Shambani si neno, lakini kwenye chungu kifupi maji hung'ang'ania chini kuliko kwenye chungu kirefu, na mfinyanzi hauyaachii. Juu kukavu, chini kunaoza. Mti mmoja, maradhi mawili.

Nilipomrudia muuzaji na picha, hakuzitazama hata mara moja. "Madam, bonsai si sukuma wiki. Kama huna subira, nunua maua ya plastiki." Subira! Mzizi unaokaba haungoji subira ya mtu, unangoja msumeno.

Je, elfu nane ni ghali? Kwa mti wa kuanzia, hapana. Matawi ya mugumo hayana thamani kubwa, kwa sababu ukikata, unachipua tena hata kwenye sehemu kuukuu ya shina. Unacholipia ni pale shina linapoingia ardhini: liwe nene chini na jembamba juu, na mizizi itawanyike pande zote. Umbo hilo hujengwa kwa miaka ardhini au kwenye chungu kikubwa, huku tawi moja la chini likiachwa lirefuke ovyo ili linenepeshe shina, kisha linakatwa. Mche wa mfukoni utaupata kwa bei isiyofika mia tano, lakini hiyo miaka utailipa wewe. Ndiyo maana nasema mti mzuri una haki ya bei yake. Huu wangu sasa? Shina ni la elfu nane, mizizi ni ya bure. Wizi mtupu.

Nilikata kitanzi kwa msumeno mdogo, nikapangusa utomvu kwa kitambaa kibichi. Kwa jumla usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi kwa mkupuo. Udongo mpya: pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye vitundu) iliyochekechwa, chembe za milimita 2 hadi 6, sehemu tatu, na mboji sehemu moja. Funga mti kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini, kwa sababu ukiyumba, vijizizi vipya vinakatika. Weka kivulini wiki mbili tatu, na mbolea isubiri majani mapya.

Kuna na waya unaofungwa matawini kuyapa umbo, nusura nisahau. Mugumo hukua haraka msimu wa joto, na waya huanza kuuma gome ndani ya wiki chache. Ukaguliwe kila wiki, na ukatwe vipande vipande kwa koleo. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi. Huu nilionunua tayari ulikuwa na makovu ya mviringo, na hayo huchukua miaka kufutika.

Lakini machipukizi yametoka, tena mengi, na mstari wa lile shina bado sijauona kwenye kitalu kingine chochote. Kwa hiyo siwezi kusema nimepata hasara, ingawa hasira haijaisha. Ukienda kununua, tikisa shina taratibu uone kama linalegea chunguni, kisha chomeka kidole udongoni kulizunguka, sentimita mbili tu. Kidole kikigonga gundi, mwambie aifungue mbele yako kabla hujatoa pesa. Akikataa, mwachie chungu chake.