Miezi 14 na peja kiunoni: uzoefu wangu na mfumo wa kuita kikosi cha moto

Naongoza kikosi cha dharura cha watu 12 kwenye kiwanda cha kusindika samaki, kando ya ziwa hapa Mwanza. Sisi si Jeshi la Zimamoto. Ni mafundi, wapakiaji na karani mmoja wa stoo, tuliofundishwa kushika mpira wa maji na kuvaa mtungi wa hewa mgongoni wakati gari la zimamoto likiwa njiani. Wengi tunakaa Igogo, Mkuyuni na Mabatini, kwa hiyo usiku shida ni moja tu: nani atatuamsha?

Zamani mlinzi wa getini alikuwa na karatasi ya namba zetu, imebandikwa ukutani kwa selotepu. Stoo ya maboksi iliposhika moto saa 8 usiku, alibonyeza king'ora, hakikulia. Waya ulikuwa umekatika, na hakuna aliyejua tangu lini. Akaanza kupiga simu, mmoja baada ya mwingine. Yangu ilikuwa kwenye chaji, imezimwa sauti. Niliamshwa na jirani aliyeona mwanga. Nilipofika nilimkuta mzee wa watu kasimama na ile karatasi mkononi, kidole gumba kikiwa bado kwenye jina la tano, wino umechanganyika na jasho. Moto tuliuzima, lakini ulibakiza hatua chache kufikia kuta za vyumba vya baridi. Ndani ya kuta zile mna povu la poliyurethani, ambalo likiungua hutoa moshi wa sumu, na juu yake yanapita mabomba ya amonia, gesi ya kupoozea ambayo nayo ni sumu. Sitaki kufikiria ingekuwaje.

Mfumo tuliofunga baada ya hapo una paneli getini (sanduku linaloongoza mfumo mzima), vitufe vya dharura kila mlango, ving'ora 6, transmita (kirushio) ndogo ya redio ya masafa ya VHF, na peja 12, yaani vifaa vidogo vya kuvaa kiunoni vinavyopokea ujumbe mfupi kwa redio. Ukibonyeza kitufe, ving'ora vinalia na peja zote zinapokea ujumbe kwa mpigo, ukitaja mahali: STOO MABOKSI. Vijana waliniuliza kwa nini turudi kwenye peja wakati kila mtu ana simu janja. Peja yetu haitegemei mtandao wa simu wala bando, na kwa kuwa kazi yake ni kupokea tu, betri ndogo moja inakaa wiki kadhaa. Uingereza mpaka leo wapo wazimamoto wa wito, wenye kazi zao nyingine, wanaoitwa kituoni kwa peja.

Kilichotusumbua ni mawe. Mawimbi ya VHF hupita karibu moja kwa moja, na vilima vyetu huyakata. Antena ilipokuwa juu ya paa la getini, nusu ya Mabatini hawakupata kitu. Fundi akaihamishia juu ya tangi la maji, kisha nikazunguka nyumba kwa nyumba na peja mkononi, nikimpigia simu arushe ujumbe wa majaribio. Mwenzetu mmoja nyumba yake imebanwa na miamba miwili. Chumbani kwake peja inashika dirishani tu. Amepiga msumari kwenye fremu, na kila usiku anaitundika pale kabla ya kushusha neti. Ukinunua mfumo wa aina hii, usimlipe muuzaji mpaka ujaribu mahali kila mtu anapolala. Na kibali cha kutumia masafa ya redio kinatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Asikudanganye mtu kwamba hakihitajiki.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba paneli inasema inapoumwa. Mwisho wa kila waya wa king'ora kuna rezista, kipande kidogo kinachopunguza umeme, na paneli inausikiliza mkondo mdogo unaopita. Waya ukikatika, taa ya njano inawaka na paneli inalia. Mwezi wa tatu wa matumizi panya alitafuna waya nyuma ya karakana. Asubuhi hiyo hiyo tuliunganisha. Kwa king'ora cha zamani tungengoja moto mwingine ndipo tujue.

Umeme ukikatika, betri zake zinapaswa kubeba mfumo saa 24, na bado zibaki na nguvu ya kupiga ving'ora nusu saa. Ulizia hilo kabla ya bei. Sisi tumeandika tarehe ya kufungwa juu ya kila betri kwa maka peni. Chumba cha kompresa kina kelele zinazomeza king'ora chochote, tukaongeza taa ya kumulika.

Kasoro ipo, tena kubwa: peja zetu hazijibu. Mlinzi hajui nani anakuja na nani kasafiri kwenda Ukerewe. Zipo zenye kitufe cha kujibu, lakini bei ilitushinda. Kwa sasa kila anayetoka nyumbani anabipu namba moja ya getini. Pia paneli haipigi 114, namba ya dharura ya Zimamoto. Hiyo bado ni kazi ya mlinzi, na tumemwandikia kwa herufi kubwa juu ya meza: kwanza kitufe, pili 114.

Valvu ya amonia ilipovuja usiku mwaka huu, watu 9 walikuwa getini kabla sijamaliza kufunga mkanda wa mtungi wangu. Yule wa msumari dirishani alifika wa pili.