Zoladex ya siku 28 au ya wiki 12: tumepima sindano, ratiba na benchi la kusubiria

Zoladex ni jina la kibiashara la goserelin, dawa inayozima homoni ya kiume ili saratani ya tezi dume ikose chakula chake. Ipo ya 3.6 mg, inayochomwa kila baada ya siku 28, na ya 10.8 mg, inayochomwa kila baada ya wiki 12. Dawa ni ile ile. Tofauti iko kwenye unene wa sindano, kwenye pesa, na kwenye idadi ya safari za kliniki. Hapa tunapima zote mbili, pamoja na kitu kisichouzwa ndani ya boksi lakini tunakihesabu kuwa sehemu ya tiba: wenzako wa benchi.

Ndani ya mfuko wa foili kuna bomba lililojazwa tayari na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Hakuna unga, hakuna maji ya kuchanganya. Dawa yenyewe ni kijiti kidogo cheupe, karibu na umbo la punje ya mchele, kilichoshikamanishwa na plastiki laini inayoyeyuka mwilini polepole, kwa hiyo hakuna kitu kitakachokuja kutolewa baadaye. Muuguzi mzuri huinua bomba kwenye mwanga na kuhakikisha punje inaonekana kabla hajakugusa. Mwombe nawe uione. Mfuko ukishafunguliwa, dawa itumike hapo hapo.

Sasa sindano. Ya 3.6 mg ina namba 16, na ya 10.8 mg ina namba 14. Kwenye sindano, namba ikishuka unene unapanda. Ya kawaida ya chanjo, namba 23, ina upana wa takriban milimita 0.6. Hii ya namba 16 ina 1.6 hivi, na ya namba 14 inapita 2. Inauma, na mzee anayeingia chumbani akiwa ameambiwa "ni kasindano tu" hutoka na kinyongo. Maumivu yanapunguzika: krimu ya ganzi yenye lidokeni na prilokeni ipakwe saa moja kabla na ifunikwe kwa plastiki. Pasipo na krimu, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache husaidia. Vituo vingine huchoma ganzi kwanza kwa sindano nyembamba.

Namna ya kuchoma ndiyo inayotenganisha kituo chenye uzoefu na kisicho nao. Mgonjwa hulala chali, kifua kikiwa kimeinuliwa kidogo. Panapochomwa ni ukutani mwa tumbo, chini ya kitovu, upande wa kulia au kushoto, na upande hubadilishwa kila safari. Ngozi hushikwa kwa vidole na kunyanyuliwa, sindano ikaingia kwa mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, chini ya ngozi tu bila kufika kwenye msuli. Kisha kishindilio husukumwa hadi mwisho, mpaka kisikike kimlio cha "tik". Kama hakikusikika, punje huenda haijatoka yote. Muuguzi aliyezoea sindano nyingine huwa na mkono wa kuvuta kishindilio nyuma kwanza atazame damu. Kwa hii havuti, kwa kuwa mshipa ukitobolewa damu itaonekana yenyewe ndani ya bomba. Ikionekana, sindano inatolewa, sehemu inabanwa, na dozi mpya inachomwa kwingine.

Chini ya ukuta wa tumbo kuna mishipa mikubwa ya damu, kwa hiyo anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aseme kabla hajalala kitandani. Aliyekonda sana naye achomwe kwa uangalifu zaidi. Alama ya bluu ya siku kadhaa si neno. Tumbo likivimba na kuuma, kichwa kikazunguka au pumzi zikawa fupi, rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Jambo tunaloliona likirukwa mara nyingi kuliko yote ni vidonge vya kutangulia. Goserelin haizimi homoni tangu siku ya kwanza. Hufanya kama mtu anayegonga mlango mfululizo: mwanzoni wa ndani anaitikia kwa nguvu, baadaye anachoka na kuacha kuitika kabisa. Katika wiki ya kwanza hadi ya pili testosteroni hupanda, ndipo ishuke na kufika chini kwenye wiki ya tatu au ya nne. Kwa mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa ya mgongo, au mkojo unatoka kwa shida, huko kupanda ni hatari: maumivu huongezeka, mkojo huziba, uti wa mgongo unaweza kubanwa. Ndiyo maana daktari huandika bicalutamide 50 mg, kidonge kimoja kwa siku, kuanzia siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza na kuendelea kwa wiki tatu au nne. Duka la dawa likiwa halina, usikubali sindano ichomwe "halafu vidonge vitafuata". Mwambie daktari aamue kwanza. Miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri, au haja ikakataa kutoka, hilo ni la dharura, usiku huo huo.

Ratiba nayo ina mtego. Watu husema "sindano ya mwezi" na "ya miezi mitatu", na kliniki nyingine huandika hivyo hivyo kwenye kadi. Siku 28 si mwezi. Mwaka una sindano 13 za 3.6 mg, si 12, na wiki 12 ni pungufu ya miezi mitatu kwa takriban wiki moja. Anayepanga pesa za sindano 12 hukwama Desemba. Kuchelewa siku chache kunavumilika, lakini kuchelewa kwa wiki kunaipa homoni nafasi ya kuamka. Kwenye bei, gawanya ya 3.6 kwa 28 na ya 10.8 kwa 84, upate gharama ya siku moja. Usiamini tu kwamba boksi kubwa ni nafuu, wala kwamba ni ghali.

Utunzaji: isizidi nyuzi joto 25. Anayenunua dawa Dar es Salaam au Mombasa msimu wa joto na kuipeleka mkoani akumbuke kwamba buti la basi na dirisha la daladala hupita hapo kwa mbali. Tumia kontena la baridi, barafu iviringishwe kwenye taulo isigusane na boksi. Nunua penye risiti, angalia foili haijatoboka, tarehe ya mwisho na namba ya toleo, na namba hiyo iandikwe kwenye kadi yako. Usajili wa dawa huulizwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Namba ya toleo ina kazi siku PSA, kipimo cha damu kinachofuatilia saratani ya tezi dume, ikianza kupanda. Kabla ya kuambiwa dawa imeshindwa, omba kipimo cha testosteroni. Inatakiwa iwe chini ya 50 ng/dL, yaani 1.7 nmol/L kwa maabara zinazotumia kipimo hicho. Ikiwa juu ya hapo, kosa linatafutwa kwenye sindano: ilichelewa, haikutoka yote, au iliharibika. Ikiwa chini na PSA bado inapanda, saratani imeanza kuishi bila homoni, na hapo mazungumzo ni ya dawa nyingine, kama vile abiraterone. Wengi hubadilishiwa tiba bila kipimo hiki kimoja. Inatusikitisha, kwa sababu ni damu kidogo tu ya mkononi.

Madhara ya kuzimwa homoni ni yale yale kwa dozi zote mbili. Joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho likafuata, hasa usiku. Shuka la pamba, chai isiyo ya moto sana na kupunguza pilipili na pombe husaidia wengi. Wakizidiwa, daktari anaweza kuandika medroxyprogesterone 20 mg kwa siku, kwa wiki 10, kisha atazame tena. Mifupa hupungua uzito: kalsiamu ya 1,000 hadi 1,200 mg kwa siku kutoka kwenye chakula kwanza, na hapa dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake pamoja na maziwa mtindi vinafanya kazi kubwa. Misuli huyeyuka na kitambi huota, hivyo kutembea peke yake hakutoshi. Nyanyua kitu kizito mara mbili kwa wiki, hata dumu la lita 5 kila mkono, na kuketi na kuinuka kitini mara 10, pumzika, rudia. Sukari na presha vipimwe pia, kwa kuwa dawa hii huvisukuma vyote viwili.

Hamu ya tendo la ndoa huondoka. Hilo ni tendo la dawa, na mke ana haki ya kulijua kutoka kwenye kinywa cha mumewe au cha daktari kabla hajaanza kujiuliza maswali mengine. Sildenafil huweza kusaidia kusimama lakini hairudishi hamu, na haichanganywi kabisa na dawa za moyo za kundi la naitreti.

Mambo haya hayasemwi mbele ya daktari mwenye foleni ya watu 60. Yanasemwa kwenye benchi. Kwenye hospitali zinazotibu saratani, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC au Kenyatta, siku ya sindano huwakalisha pamoja watu ambao kwingine wasingekutana. Mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, na wewe jasho la usiku?" Jibu la ndiyo linamtua mzigo ambao hakuna kidonge kingeutua.

Benchi likitaka kuwa kikundi, vilivyodumu vina mambo yanayofanana. Watu 6 hadi 12. Mkutano siku hiyo hiyo ya kliniki, ili nauli iwe moja. Saa moja na nusu, chai mwanzoni, kisha mada moja tu. Muuguzi au mshauri wa kituo awepo kwa maswali ya dawa. Kila mkutano wa tatu, wake waje, na wapewe nusu saa yao bila wanaume. Mfuko mdogo wa nauli, wenye daftari na watu wawili wanaosaini, umeokoa dozi nyingi zilizokuwa zicheleweshwe. Kwenye kundi la WhatsApp wawepo wasimamizi wawili, na picha za majibu ya maabara zenye majina zisipite.

Yanayovunja vikundi tunayajua. La kwanza ni muuza mitishamba anayejiunga kama mgonjwa. Kanuni iwe wazi: hakuna anayemwambia mwenzake aache sindano. La pili ni kulinganisha PSA kama matokeo ya mtihani. Mwenye 40 aliyeanza na 900 anaendelea vizuri kuliko mwenye 6 aliyekuwa na 1, lakini namba tupu haisemi hivyo, na mtu hurudi nyumbani amekata tamaa bure. La tatu ni kifo. Mwanakikundi akifariki na viongozi wakanyamaza ili wasiwatishe wengine, kiti kitupu kitawatisha zaidi. Semeni, ombeni, mwende msibani.

Kuna njia nyingine mbili za kupima kando ya Zoladex. Kuondolewa korodani ni upasuaji mdogo wa siku moja, homoni hushuka ndani ya saa chache, hakuna kupanda kwa mwanzo, hakuna ratiba. Kwa mwenye saratani iliyosambaa, anayeishi mbali na asiye na bima, tunauheshimu sana uamuzi huo. Ubaya wake ni kwamba haurudishwi nyuma, na neno "kuhasiwa" huwaumiza watu kuliko kisu. Kwa anayepewa homoni kwa muda tu pamoja na mionzi, kuanzia miezi michache hadi miaka mitatu, haufai. Ya pili ni degarelix, 240 mg mwanzoni kwa sindano mbili, kisha 80 mg kila siku 28. Haipandishi homoni, kwa hiyo ni nzuri kwa mwenye mgongo hatarini, ila mahali ilipochomwa huvimba na kuuma zaidi.

Hukumu yetu kati ya dozi mbili za Zoladex: kama daktari hana pingamizi, anza na 3.6 kwa awamu tatu. Sindano ni nyembamba zaidi, madhara yanaonekana mapema, na unapata miezi ya kwanza, iliyo mizito kuliko yote, ukiwa karibu na wauguzi na wenzako. Kisha hamia 10.8, hasa kama nauli inakula mfuko. Kosa la waliohamia ni kupotea benchini. Siku 28 na siku 84 zote hugawanyika kwa 7, kwa hiyo aliyechomwa Jumanne atachomwa Jumanne daima, na kila sindano yako ya 10.8 itaangukia siku ileile na sindano ya tatu ya mwenzako wa 3.6. Jumanne mbili za katikati huna sindano, lakini kikundi kipo. Kama ni mbali, piga simu saa ya chai, waweke spika.