Honda CG125 ya mzee iliyolala kifuku kizima: uzoefu wangu na fundi wa Nkuhungu

Pikipiki ya mzee ililala stoo kule Hombolo tangu mvua za Desemba hadi Juni. Makorongo yalijaa, goti lake likawa linamsumbua, mimi nikaisukuma nyuma ya magunia ya mtama na kuiacha hivyo hivyo, tangi nusu, koki ya mafuta wazi. Koki hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nilipoirudia, kiki ishirini, kimya. Nikafuta plagi, nikaongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani (msifanye hivyo), ikashika, lakini kwa choki tu, ile inayobana hewa ili injini ipate mafuta mengi. Ukirudisha choki, inazima. Nikaipandisha kwenye kirikuu hadi Dodoma mjini.

Fundi wa kwanza hakufungua hata skrubu moja. Akasema kabureta imekufa, ninunue mpya, na injini ishushwe. Hesabu yake ilifika Sh 180,000. Nikaaga.

Wa pili yuko Nkuhungu, mtu wa makamo anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Imelala muda gani?"

"Miezi sita."

"Mafuta ulimwaga?"

"Hapana."

"Basi tuanzie hapo."

Petroli ilitoka nyekundu kama chai ya rangi, inanuka vanishi. Alipofungua bakuli la kabureta, chini kulikuwa na utando wa kijani unaonata kama ulimbo. Petroli ikikaa muda mrefu sehemu nyepesi huruka, kinachobaki huganda, na cha kwanza kuziba ni jeti ndogo, kile kipande chenye tundu jembamba kinacholisha injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila kuvutiwa mafuta. Ndiyo maana yangu ilikuwa haishiki bila choki. Akaichomoa, akainyanyua kuelekea jua, akaniambia nitazame. Sikuona mwanga. Akailoweka, kisha akachukua uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme, akaupitisha taratibu. Hatumii uzi wa waya wa klachi, kwa sababu ule ni chuma na hutanua tundu la jeti, na ukishatanua pikipiki italewa mafuta siku zote. Akapuliza upepo, akanipa tena. Safari hii niliona nukta ya mwanga, ndogo kama ncha ya sindano.

Tangi lilikuwa na kutu upande wa juu, kwa unyevu wa nusu ile tupu. Aliingiza nati ishirini na petroli kidogo, akatikisa, akamwaga, akatikisa tena. Alizihesabu zikiingia, akazihesabu zikitoka. Kwa hilo peke yake ningemlipa.

Kabla ya kuwasha alidondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupiga kiki polepole, ringi zisikwaruze silinda kavu. Oili ikabadilishwa, tapeti zikapimwa, sahani za klachi zilizogandana zikaachiana kwa kuisukuma pikipiki mbele na nyuma ikiwa kwenye gia, klachi imebanwa. Betri ilikuwa imekufa, ila hii yetu inapata moto wa plagi kutoka kwenye magineti, kwa hiyo hatukuihitaji. Kiki ya tatu ikanguruma. Akarudisha choki. Haikuzima.

Ufundi Sh 30,000, oili 13,000, plagi 5,000, chujio la mafuta 4,000. Jumla Sh 52,000, na kabureta ni ile ile ya mzee. Kasoro zake: hana risiti, asubuhi bodaboda wanajaa kwake hadi barabarani, na kazi ilichukua siku mbili. Indiketa hakugusa, alisema umeme si kazi yake. Tairi la nyuma limepasuka pembeni, akanionya nisibebe mtu hadi nilibadilishe, ingawa yeye hauzi tairi. Namwamini sana mtu wa namna hiyo.

Niliirudisha Hombolo mwenyewe, kwa upepo ule wa kipupwe. Mzee aliusikia mlio kabla hajaniona, akatoka na fimbo yake. Nilipotaka kuzima akanizuia kwa mkono. Akainama, akafunga koki, akasimama pale kusubiri injini imalize mafuta ya kabureta, izime yenyewe.