Unga wa homoni ya mizizi kwenye vikonyo vya kahawa: uzoefu wangu, Moshi

Nina kitalu Kibosho. Kahawa nazalisha kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi, kama wanavyofanya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu, kwa sababu mbegu ya chotara haitunzi sifa za mama. Unga wa homoni nanunua maduka ya pembejeo mjini.

Unafaa, tena sana. Ila usiupime kwa wingi wa mizizi inayotoka mwanzo. Ngoja uone kama mizizi hiyo inatoa matawi. Mche wenye mizizi miwili mitupu hauvumilii kiangazi cha kwanza shambani.

Ndani ya unga kuna IBA, ya jamii ya oksini, homoni ambayo Mholanzi Frits Went aliitenga mwaka 1928 kutoka ncha za miche michanga. Mmea wenyewe hutengeneza oksini kwenye majani machanga na vichomozo, kisha ikashuka chini. Kule ndani ya mzizi, kwenye tabaka linalozunguka mishipa ya maji, seli chache zikiipata ya kutosha huanza kugawanyika, na tawi jipya hujipenyeza mpaka nje. Homoni nyingine, sitokinini, huzuia kazi hiyo. Uwiano wa hizo mbili una uzito mkubwa katika kuamua tawi litoke wapi.

Kwa hiyo unga huanzisha mizizi pale ulipokata. Matawi ya mizizi yanayofuata yanategemea oksini ya mmea, ndiyo maana sipandi kikonyo kisicho na jani. Nalipunguza nusu ili maji yasipotee, basi. Na nachukua machipukizi ya wima tu. Kikonyo cha tawi la ubavuni huota vizuri lakini linakupa mkahawa unaotambaa.

Linaloniudhi ni pakiti zisizoandikwa nguvu, yaani asilimia ya IBA. Unga wa 0.1% ni wa mashina laini, wa 0.8% ni wa mashina magumu, na kwa kahawa mimi natafuta 0.3%. Muuzaji akikwambia "yote ni sawa", ondoka. Oksini ikizidi, mizizi huchomoza mingi halafu ikagoma kurefuka, na kitako cha kikonyo huweza kuoza.

Mimina kidogo pembeni, chovya kitako, kung'uta, panda. Usichovye ndani ya pakiti, maana unyevu utauharibu wote. Ukitunzwa pakavu, penye baridi na giza, pakiti ndogo inakaa muda mrefu, na kwa bei yake nitanunua tena, mradi nguvu iwe imeandikwa.