Uzoefu wangu na lsnim: isome seva ya NIM kabla hujaigusa

Kwa sisi tunaosimamia seva za AIX, mfumo endeshi wa Unix wa IBM, NIM (Network Installation Management) ndiyo inayotuwezesha kusakinisha mfumo endeshi kupitia mtandao bila kubeba DVD wala kushinda kwenye baridi ya chumba cha seva. Mashine moja inakuwa mkuu, inaitwa master, na nyingine zote zinachota kwake. Watu wengi wakizungumzia NIM wanazungumzia amri ya nim yenyewe, ile inayosakinisha, inayogawa na inayofuta. Mimi naisifia ndugu yake mdogo, lsnim, ambayo haibadilishi chochote. Kazi yake ni kusoma na kukuonyesha, na kwangu hiyo ndiyo amri muhimu kuliko zote kwenye master.

Nasema hivyo kwa sababu nim ina nguvu za kutisha. Ukiielekeza bos_inst, kazi ya kusakinisha mfumo endeshi, kwenye mashine isiyo yenyewe, na faili la bosinst_data, lenye majibu ya usakinishaji, lina PROMPT = no, mashine ikishabuti kwa mtandao usakinishaji unaendelea bila kumuuliza mtu swali lolote. Kama mashine hiyo ilikuwa na hifadhidata ya malipo, diski ya mfumo imeshaandikwa juu. Kwa hiyo kabla ya nim, lsnim. Kila mara, hata kwa kazi ambayo mkono umeshaizoea.

Ukiandika lsnim peke yake unapata safu tatu: jina la kitu, kundi lake na aina yake. Master mpya kabisa haina mengi: master yenyewe kwenye kundi la machines, boot na nim_script kwenye resources, na mtandao wa kwanza uliouandikisha kwenye networks. Baada ya muda orodha inarefuka hadi inapita kioo, na hapo unaanza kuchuja. lsnim -c machines inaleta mashine tu. lsnim -t spot inaleta SPOT tu, yaani ile miti ya /usr ambayo mteja anaitumia akibuti kwa mtandao. lsnim -t lpp_source inaleta saraka za vifurushi vya kusakinisha, na lsnim -t mksysb inaleta bakapu za mifumo mizima. Kuchuja huku kunafanya kazi vizuri na hakuna la kuongeza.

Utamu wenyewe uko kwenye lsnim -l ikifuatiwa na jina.

Chukua mashine. Utaonyeshwa class na type, kisha platform, netboot_kernel, na mstari ambao mimi nausoma wa kwanza: if1. Humo mna jina la mtandao wa NIM, jina la mashine na anwani ya MAC. Ukiona 0 mahali pa MAC, maana yake haikuandikishwa, na mteja anayebuti kwa kutangaza kwenye mtandao hatatambulika. Halafu connect, inayoeleza master inazungumza na mteja kwa njia gani. Nimsh, huduma ya NIM inayokaa kwenye mteja, ndiyo ninayoitaka, kwa kuwa inatumia milango 3901 na 3902 na watu wa usalama wa mtandao wanajua cha kufungua.

Kisha Cstate, yaani hali ya mashine kwa sasa. Huu ndio moyo wa ukurasa mzima. Ikisema "ready for a NIM operation", mashine iko huru, hakuna kazi inayoisubiri. Ikisema BOS installation has been enabled, kuna mtu ameshaiandalia usakinishaji, na mashine ikibuti kwa mtandao leo au mwezi ujao, kazi hiyo itaanza. Chini yake utaona rasilimali zilizogawiwa mashine hiyo: spot ipi, lpp_source ipi, mksysb ipi. Kwa timu ya watu wengi wenye zamu tofauti, mistari hiyo inaeleza alichoacha mwenzako kuliko ujumbe wowote wa WhatsApp. Napenda sana kwamba hali na sababu yake viko ukurasa mmoja.

Kwa rasilimali, lsnim -l inaonyesha location, server, Rstate (hali ya rasilimali) na alloc_count. Ya mwisho hiyo wengi wanaipuuza, nami nawasihi wasiipuuze. Inahesabu ni mara ngapi rasilimali imegawiwa wateja kwa sasa. Ukitaka kufuta SPOT ya zamani ili kupata nafasi na nim inakataa, jibu liko hapo: alloc_count si sifuri. Kwenye lpp_source angalia simages. Ikiwa yes, saraka ina seti ya vifurushi vinavyotosha kusakinisha mfumo kamili. Bila hiyo usijisumbue kujenga SPOT kutoka humo. Na kwenye SPOT angalia oslevel_r, yaani kiwango cha toleo la mfumo, si jina. Jina alilitunga mtu, huenda miaka iliyopita, na SPOT iliyoitwa spot_7200 inaweza kuwa imeshapandishwa mara kadhaa. Kiwango cha SPOT kinatakiwa kilingane na cha mksysb unayorejesha, na master nayo haitakiwi kuwa chini ya toleo la mteja, kwa hiyo namba hizo tatu nazisoma pamoja kabla ya lolote.

Sasa upungufu, na huu ni mzito. lsnim haiendi kuangalia diski. Inasoma ODM, hifadhidata ya ndani ya AIX, iliyo chini ya /etc/objrepos, na inakuambia kilichoandikwa humo. Ni kama daftari la stoo: linasema magunia yapo, lakini halijafungua mlango kuyahesabu. Mtu akiingia kwenye mfumo wa faili na kufuta faili la mksysb kwa rm, bila kupitia nim, lsnim -l itaendelea kusema Rstate = ready for use kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana kabla ya kurejesha mashine muhimu mimi nachukua location kutoka lsnim na kulitazama faili lenyewe kwa ls -l: lipo? Ukubwa wake unaeleweka? Tarehe ni ya lini? Kwa SPOT na lpp_source kuna nim -o check, inayokagua na kusahihisha hali iliyoandikwa. Mstate nayo, inayodai mashine inafanya kazi au haifanyi, siitegemei kabisa, napiga ping.

Jambo hilo halinifanyi niipunguzie lsnim alama nyingi. Amri inayosoma rejista ni ya haraka na haina madhara, na ingekuwa inatembelea kila diski na kila mteja ingekuwa kitu kingine, kizito. Lakini nyaraka na mafunzo ya ndani ya timu yangeanza na onyo hili, badala ya kumwachia kijana mgeni aamini neno "ready" kama ahadi.

Wakati usakinishaji unaendelea, lsnim inapendeza zaidi. Mteja anaripoti kwa master, na taarifa zinaingia kwenye sifa ya info. Badala ya kusoma ukurasa wote, naomba sifa ninazozitaka tu:

lsnim -Z -a Cstate -a info mashine

Swichi ya -Z inatoa matokeo yaliyotenganishwa kwa nukta pacha, mstari wa kwanza ukiwa majina ya safu na ukianza na alama ya #. Hii kwa skripti ni raha: awk inakata, unapata asilimia iliyofikiwa kwa mashine zote kwenye kioo kimoja. Ukiona mteja amekwama kwenye msimbo 611, usipoteze muda kwenye lsnim. Hapo mteja ameshindwa kupachika saraka ya master kwa NFS, njia ya kushiriki faili kwenye mtandao, nenda ukaangalie exports (orodha ya saraka zinazoshirikiwa) na majina ya mashine.

Swichi mbili nyingine zinastahili kujulikana zaidi. lsnim -O pamoja na jina inakuorodheshea kazi zinazowezekana kwa kitu hicho, na lsnim -q bos_inst pamoja na jina la mashine inakuambia rasilimali zipi ni za lazima na zipi ni za hiari. Kwa anayejifunza, hizi mbili ni mwalimu aliye ndani ya seva yenyewe. Menyu za SMIT, zana ya usimamizi ya AIX, zinafanya kazi hiyo pia, na sina ugomvi nazo, ila menyu huwezi kuiweka kwenye skripti wala kubandika matokeo yake kwenye tiketi ya mabadiliko ili mkubwa wako aone kabla ya kuidhinisha.

Nimetumia pia Cobbler, zana ya kusakinisha mashine kwa mtandao, upande wa Linux. cobbler system report ni nzuri, majina ya sehemu zake yanasomeka vizuri kuliko Cstate na Rstate, na anayetoka huko ataiona lsnim ni ya kizamani kwa sura. Kwa kina cha hali ya kila mteja, ya AIX bado naiona mbele.

Na kama huna ruhusa ya kuingia kwenye master, jambo la kawaida kwenye taasisi zenye mgawanyo wa majukumu, tumia nimclient -l ukiwa kwenye mteja. Inapitisha swichi zilezile hadi kwa master iliyotajwa ndani ya /etc/niminfo. Jaribu nimclient -l -L na jina la mashine yako, uone rasilimali ambazo mashine hiyo inaweza kuzifikia. Isipojibu, mwambie mtu wa ngome ya mtandao aangalie mlango 1058 kabla hujaanza kulaumu NIM.