Mtungi wa udongo badala ya friji: unaifaa insulini Dar?

Anayechoma insulini na hana friji, au anayo lakini umeme wa mtaani kwake haueleweki, atashauriwa na mtu yeyote anunue mtungi. Ushauri huo una ukweli, ila Dar unahitaji masharti. Kwa chupa inayotumika sasa hivi, mtungi unafaa. Kwa chupa za akiba ambazo hazijafunguliwa haufai, kwa sababu hizo zinataka nyuzi 2 hadi 8 ndipo zidumu mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye boksi, na hakuna mtungi unaofika huko. Ukilazimika kuweka ya akiba mtungini, anza kuihesabia siku kana kwamba umeshaifungua.

Mtungi hupoa kwa jasho lake. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo, yakifika nje hukauka, na yanapokauka huondoka na joto. Hewa ikiwa kavu, kazi inakwenda haraka. Mnigeria Mohammed Bah Abba, aliyepata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa chungu chake cha kuhifadhia mboga (chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati), alikuwa kaskazini mwa Nigeria ambako hewa ni kavu. Sisi tuna fukuto. Siku ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 hewani, mtungi hata uwe mzuri vipi hauwezi kushuka chini ya nyuzi 27 hivi, na kwa kawaida utabaki kwenye 28 au 29. Dodoma, mchana wa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, mtungi huo huo unaweza kukaribia 20. Kwa hiyo ukisikia ndugu wa Dodoma anausifu mtungi wake, msadiki, lakini usitegemee wa kwako Mbagala ufanye vile vile.

Je, nyuzi 28 zinatosha? Insulini nyingi zikishafunguliwa huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa takribani siku 28, nyingine chini ya nyuzi 25 na nyingine chini ya 30. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo inayosema ya kwako ni ipi; isome kabla ya kununua mtungi. Pia hakuna haja ya kuingiwa na hofu kwa kila nyuzi moja inayozidi. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, uliangalia insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lilivyo kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, na ikakutwa bado ina nguvu yake. Adui mkubwa ni chumba cha bati kilichofungwa tangu asubuhi, dirisha linalopigwa na jua la saa nane, au chupa iliyosahaulika kwenye bajaji. Hapo ndipo mtungi unapolipa fedha yake: unakata ule ukali wa mchana.

Ukienda kununua, usichukue uliopakwa rangi au vanishi. Mingi inayouzwa kando ya barabara ni ya maua: imepakwa rangi na ina tundu chini. Rangi huziba vitundu, na mtungi usiotoa jasho haupozi. Jaribio lake ni rahisi: dondoshea maji ukutani kwa nje. Yakinywewa mara moja, udongo uko wazi. Yakiteleza chini, urudishe. Chagua wenye mdomo unaopitisha mkono wako pamoja na kikopo cha plastiki.

Mtungi mpya uloweke siku nzima ili udongo ushibe. Kisha tia maji kiasi cha robo, weka ndani kigae au jiwe bapa linalochomoza juu ya maji, na juu yake kikopo kikavu chenye mfuniko unaobana. Chupa ya insulini inakaa ndani ya kikopo hicho. Isiachwe ikaelea majini: lebo inabanduka, tarehe inapotea, na mpira unaoingizwa sindano unalowa maji machafu. Funika mdomo wa mtungi kwa mfuniko au sahani, na uzungushie mwilini kitambaa cha pamba kilicholowa. Uweke juu ya kigoda au kinara cha chuma, barazani, kivulini, mahali upepo unapopita, mbali na jiko la mkaa. Ukiufungia kabatini umeua kazi yake yote, maana hewa ya humo ikishashiba unyevu hakuna kinachokauka tena.

Kabla ya kuweka dawa, weka kipimajoto cha dijitali kinachotunza joto la juu kabisa na la chini kabisa, kikae ndani ya kikopo siku tatu. Joto la juu likibaki chini ya kiwango cha karatasi yako, endelea. Likizidi, sogeza mtungi palipo na upepo zaidi, upime tena. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, pima kila wiki. Masika ikikolea hewa inalowa kabisa na mtungi haufanyi kazi ya maana, lakini bahati nzuri jua nalo linakuwa limepungua. Bila kipimajoto unabahatisha, na dawa hii si ya kubahatishia.

Mambo mawili huharibu mitungi hapa mjini. La kwanza ni maji ya kisima yenye chumvi. Yanapokauka huacha ukoko mweupe kwa nje, na baada ya wiki kadhaa mtungi unakuwa kama uliopakwa chokaa. Tumia maji yasiyo na chumvi ukiyapata, na usugue nje kwa brashi ngumu kila wiki, bila sabuni. La pili ni mbu. Jiji hili limepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji masafi yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani. Mwaga maji kila baada ya siku mbili au tatu na usugue ndani, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani.

Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu isiyofutika. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma 40 kwa siku ataimaliza siku ya 25. Anayechoma 20 atakuwa na karibu nusu chupa siku ya 28, na inauma kuitupa. Huyo aulize kliniki kama anaweza kupewa katriji za kalamu, yaani vichupa vidogo vinavyoingizwa kwenye kalamu ya kuchomea insulini: moja ina yuniti 300, kwake ni siku 15, haimwagwi dawa.

Insulini angavu ikiwa na ukungu, itupe. Ile yenye rangi kama maziwa, kama mchanganyiko wa 30/70, iviringishe taratibu kati ya viganja mara kumi bila kuitikisa. Ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, itupe pia. Ila jicho halioni kila kitu, dawa inaweza kudhoofika bila kubadilika sura. Sukari ikianza kupanda siku kadhaa mfululizo bila sababu, watu wa nyumbani humgeukia mgonjwa: umekula wali wa nazi, umekunywa soda kwa siri. Wanampunguzia ugali, anakonda, na tatizo liko kwenye chupa. Kagua tarehe na kipimajoto kwanza. Mweleze daktari jinsi dawa inavyotunzwa kabla hajaongeza dozi, kwa sababu dozi iliyopandishwa kufidia dawa dhaifu inakuwa kubwa mno siku unapofungua chupa mpya, na sukari inaporomoka. Ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L kwenye mashine ya kupimia sukari), anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama haijapanda, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali.

Akiba iombee nafasi kwenye friji ya jirani, ndani ya kikopo chenye jina, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma na sehemu ya barafu. Ukiiweka kwenye chupa ya chai (themosi) yenye barafu, izungushie taulo nene ili isigusane na barafu. Iliyowahi kuganda, hata ikiyeyuka ikaonekana safi, usimchome nayo mtu.