Maharage mekundu na wali wa Jumatatu: maharage ya aina tatu niliyoyajaribu New Orleans

Sufuria yangu ya kwanza ya maharage mekundu na wali ilikaa jikoni saa tano nzima. Wali ukapoa, tukaula mtupu, maana maharage yalikuwa bado yanagonga sahani kama kokoto. Nilikuwa na miezi miwili tu New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana, Marekani, nikajua kosa ni langu: labda chumvi nimeitia mapema, labda moto ulikuwa hafifu. Jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa mtaa huohuo, akatafuna punje moja, akaitema kiganjani, akaniuliza, "Haya umeyanunua wapi, mwanangu?" Hakugusia moto wala chumvi hata kidogo.

Nilikuwa nimeyanunua ya kupima kwenye duka moja kubwa, yale yanayomwagwa kwenye pipa la plastiki unajichotea mwenyewe. Bei nzuri, lakini hakuna tarehe, na nani ajuaye yamekaa humo misimu mingapi. Harage kavu haliozi upesi, ila linazeeka. Likikaa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu, na Louisiana vyote viwili ni vya bure, ndani yake linabadilika kiasi kwamba hata ulichemshe usiku kucha haliivi sawasawa. Siku hizi nikiliona pipa lile napitiliza. Punje zake zilikuwa zimefifia rangi, ngozi imekunjamana, nyingine zimepasuka, na chini ya pipa kuna vumbi jekundu. Dalili zote zilikuwepo, mimi nikaangalia bei.

Kwa asiyekijua chakula hiki: hapa ni cha Jumatatu. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na mfupa wa paja la nguruwe umebaki kutoka mlo wa Jumapili. Unautumbukiza kwenye sufuria ya maharage, unayaacha yajipikie taratibu, wewe unaendelea na nguo. Mashine za kufulia zimekuja na Jumatatu haijahama. Migahawa mingi ya mjini bado inakiandika kwenye orodha siku hiyo. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi na mzaliwa wa hapa, alizoea kumalizia barua zake kwa kujiita "wako wa maharage mekundu na wali".

Kwa hiyo unachotafuta ni harage litakalovunjika na kufanya rojo zito, linalong'ang'ania wali. Likitoka zima na maji pembeni, hiyo ni supu tu.

Mara ya pili nilichukua paketi ya maharage mekundu madogo, yale ya duara. Wapo wanaoapa kwamba haya ndiyo yenyewe, na ladha yake sina ugomvi nayo, ina utamu fulani hivi. Lakini kwangu yalibaki mazima mno. Nilisaga karibu nusu ya sufuria kwa mgongo wa mwiko ndipo rojo likaanza kuonekana. Kwa saladi ningeyanunua kesho.

Aina ya tatu ni Camellia, maharage makubwa yenye umbo la figo, kwenye mfuko unaoonyesha punje na wenye ua jekundu. Ni kampuni ya hapahapa New Orleans, ya tangu 1923, na jirani yangu haamini kama kuna nyingine duniani. Mimi si mtu wa kuabudu nembo, nikayamwaga kwenye ungo kuyachambua nilivyofunzwa na mama. Paketi nzima ya paundi moja, yaani gramu 454 hivi, ilitoa punje tatu zilizovunjika na hakuna jiwe. Punje zinalingana ukubwa, na hilo ni muhimu kuliko linavyosikika: zikipishana, ndogo zinapondeka wakati kubwa bado mbichi. Niliyaloweka usiku kwenye maji yenye chumvi (chumvi inalainisha ngozi, ile hadithi kwamba inayafanya magumu iacheni), asubuhi hakuna iliyobaki imesinyaa. Saa mbili jikoni, na mengine yakaanza kuvunjika yenyewe. Nikaponda miiko michache tu ukutani mwa sufuria.

Bei yake ilizidi ya pipa kidogo, tofauti haikufika hata dola 1 kwa paundi. Sufuria hiyo ilitulisha watu saba.

Lawama yangu moja si ya Camellia peke yake, ni ya maharage yote ya aina hii. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayokutapisha vibaya ndani ya saa chache, na moto mdogo hauiui. Ukitumia ile sufuria ya umeme ya kupikia polepole, mwaga kwanza maji ya kulowekea, yachemshe kwenye maji mapya yatokote kwelikweli, mimi huyapa dakika 30, ndipo uyahamishie humo. Onyo hilo ningependa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila paketi.

Vingine havinisumbui sana. Kitunguu, seleri na pilipili hoho vikatwe vidogo. Kitunguu saumu usikionee haya. Soseji ya andouille ikikosekana, yoyote iliyofukizwa moshi itakusitiri. Siki na mchuzi wa pilipili vingoje mezani, maana uchachu ukiingia mapema maharage yanagoma kulainika. Magadi nilijaribu mara moja nikiwa na haraka, yakalainika kweli, na yakanuka sabuni.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea jirani bakuli. Akachota kwa mwiko, akauinamisha, akatazama rojo linavyodondoka, akauliza kama ninayo paketi nyingine kabatini. Ninazo mbili. Akaondoka na moja.